Koti la Nne

Wariara alipoivisha chupa koti kwa mara ya kwanza, wanawake wenzake walishika mbavu kwa kicheko. Mtu ana watoto wawili wanaovaa viraka, halafu anaishonea chupa nguo! Njoki, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwuliza kama chupa hiyo itabatizwa Jumapili. Wariara aliendelea na sindano yake. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa inakohoa ndani ya nyumba.

Mumewe Ndung'u alichimba udongo mweupe kwenye machimbo ya mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Kiberiti kwa hasira zake, ng'ambo ya kilima kutoka Ziwa Elmenteita. Vumbi la udongo ule lilikuwa limemwingia kifuani na kukaa. Kitu pekee kilichomfungua kifua ni chai ya moto. Lakini alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na kengele ya mapumziko ilipolia saa tatu, chai yake ilikuwa imeshapoa kama maji ya mtoni. Alikunywa hivyo hivyo, akakohoa, akarudi shimoni.

Dawa ilitoka kwenye ugonjwa wenyewe. Jioni moja Ndung'u alileta bonge la udongo ule, jepesi kama mkate mkavu, watoto wachezee. Wariara akaliweka kiganjani, akaweka kaa la moto juu yake kwa mzaha tu. Akangoja kuungua. Kaa likafifia hadi likawa jivu, na kiganja chake hakikusikia kitu. Usiku huo hakulala vizuri. Fundi akishapata wazo, usingizi humkimbia.

Koti la kwanza lilikuwa la blanketi kuukuu, halikufaa kitu. La pili alilijaza unga wa udongo ule kati ya vitambaa viwili, lakini unga ulishuka wote chini kama mahindi ndani ya gunia na shingo ya chupa ikabaki uchi. La tatu alilishona kwa mistari, unga ukakaa kwenye mifereji. Hilo angalau lilisogeza mambo: chai ilifika saa tatu ikiwa vuguvugu. Ndung'u alifurahi mno, akatembea nalo machimboni akijisifu kwamba mkewe ana akili kuliko fundi wa Nakuru.

Kisha akashona la nne. Hili alilikata kwenye turubai la hema, akalishona vyumba vidogo vidogo, kila chumba kijiko kimoja cha unga na si zaidi, ndani akaweka manyoya ya kondoo, chini akaweka kitako kinene, juu kofia ya kufunga kwa kamba. Alilipima siku Ndung'u akiwa kazini. Chai ya alfajiri ilimuunguza ulimi saa sita mchana. Alikaa pale jikoni akacheka peke yake.

Koti hilo halikumfikia Ndung'u kamwe.

Ulikuwa mwaka wa pili wa emajensi, ile hali ya hatari ambayo serikali ya wakoloni iliitangaza kuwasaka wapiganaji wa msituni. Nderitu, ndugu yake Wariara, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa ameingia msituni. Asubuhi moja kabla ya mapambazuko, Wariara alipokwenda kumwaga majivu, alimkuta kwenye vichaka vya leleshwa, amekonda, macho yamezama.

"Hatuwashi moto, dada," alimwambia. "Moshi unaita ndege za mabomu. Miezi mitatu sijaonja kitu cha moto."

Ungefanya nini? Wariara alimpa koti la nne. Tangu siku hiyo, mara mbili kwa wiki, birika lilipochemka saa kumi na moja alfajiri, alijaza chupa mbili: moja ya mume, moja ya kichakani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ilikuwa yeye peke yake. Mara nyingi alitaka kumshonea Ndung'u lingine kama lile. Lakini turubai lilikuwa limekwisha, na tena Ndung'u angelionyesha kila mtu, kisha nani angesahau umbo lake? Kwa hiyo alimwambia kwamba akili yake imeishia kwenye koti la tatu. Uongo ule ulimkaa kooni, hasa alipomsikia anakohoa.

Siku ya Alhamisi inspekta wa polisi, mzungu kijana mwenye sauti ya pole, alifika machimboni kukagua stoo ya baruti kama alivyofanya kila mwezi. Saa tano wakatembea hadi stoo, yeye, Kiberiti na nyapara Kosgei. Kufuli limevunjwa. Makasha mawili hayapo. Nyuma ya mlango imesimama chupa kubwa ndani ya koti la turubai. Inspekta akafungua kizibo, akamimina matone mkononi, akauvuta mkono haraka.

"Chai hii moto," akasema. "Mtu natoka hapa sasa hivi."

Kosgei, mzee wa haki asiyependa makuu, alilitazama koti na moyo ukamshuka. Akamwita Ndung'u. "Si hii ni ile nguo ya chupa yako?"

"Hapana, mzee. Yangu hii hapa," Ndung'u akasema, akainua yake. Halafu, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akaongeza, "Na yangu hupoa saa tatu."

Ukweli wake ukawa kitanzi. Inspekta alihesabu bila kupandisha sauti. Kama koti la mama huyu hupoa saa tatu, basi chai yenye moto saa tano haikumiminwa alfajiri. Imeletwa saa nne. Na saa nne Ndung'u, aliyeumwa tumbo, alikuwa amepotelea nyuma ya jabali karibu saa nzima, na shimo zima lilimwona akiondoka. Siku hizo mtu alinyongwa kwa kukutwa na risasi moja mfukoni, seuze makasha mawili ya baruti. Wakamtia pingu, wakamfungia chumba cha vifaa.

Wariara alipofika mbio, askari walikuwa wamelipasua koti la nne kwa kisu wakitafuta barua. Unga mweupe ulikuwa umetapakaa miguuni mwao. Alielewa yote kwa mara moja. Nderitu hakuwa amekuja alfajiri ile kwa ajili ya chai tu. Aliiacha chupa kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa makasha. Alimchukia ndugu yake pale aliposimama, akamwogopea hapo hapo, na hakujua lipi lilitangulia.

"Bwana," akamwambia inspekta, "chai hiyo ni ya saa kumi na moja alfajiri."

"Hapana. Bwana yako nasema napoa saa tatu."

"Lake hupoa saa tatu. Hili si lake. Hili hushika moto mpaka saa sita."

Inspekta akatabasamu. Tabasamu hilo lilimtisha Wariara kuliko pingu. "Wewe shona tena," akasema. "Kesho tapima. Kama saa sita iko moto, bwana yako nakwenda nyumbani."

Hakusema yeye Wariara atakwenda wapi. Hakuna aliyeuliza.

Wakamkalisha barazani mwa ofisi na turubai, manyoya ya kondoo, sindano, uzi, na ungo wa unga ule mweupe. Kosgei akasimama karibu, askari wawili wakaegemea nguzo. Wariara akashona. Chumba kimoja, kijiko kimoja. Alipofika safu ya shingoni, sindano ikasimama. Alijua vizuri, kuliko mtu yeyote chini ya jua, kwamba safu ile moja ikiachwa wazi joto lingetoka na chai ingepoa saa tatu. Nani angegundua? Inspekta angesema mama huyu ni mwongo anayemtetea mumewe, angefukuzwa kwa teke akalale na wanawe. Nderitu angekuwa salama. Ndung'u angenyongwa.

Kutoka chumba cha vifaa kikohozi kikasikika, kirefu, kikavu.

"Mama," Kosgei akanong'ona, "mbona umeacha kushona? Mkono umechoka?"

"Haujachoka, mzee."

Akaijaza safu ile, kisha akaishona mara mbili. Hakuwa amewahi kushona vizuri namna ile maishani mwake.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi Kosgei alichemsha chai mwenyewe, inspekta akaimimina, akafunga kamba kwa mkono wake. Chupa ikawekwa juu ya meza uani, mahali pa wazi. Machimbo yalikuwa kimya. Kiberiti alikuwa amesimamisha kazi ili kila mtu aone. Watu wakakaa chini kwa safu, Njoki akiwa amewakumbatia watoto wa Wariara, na safari hii hakuna aliyecheka chupa iliyovaa koti. Saa mbili. Saa tatu kengele ikagongwa bure. Upepo wa ziwani ukavuma, Wariara akaomba usivume. Saa tano askari mmoja akanyoosha mkono aguse, inspekta akamkata jicho. Wariara aliomba koti lishike, kisha akajishtukia anaomba lisishike, kisha akaacha kuomba kabisa.

Saa sita inspekta akafungua kamba. Kizibo kilipotoka, mvuke ukapanda.

Mguno ukapita kwenye safu za watu. Ndung'u akatolewa, akafunguliwa pingu, akasimama akipepesa macho juani. Inspekta alikuwa mtu wa neno lake. Akajaza kikombe, akampa. "Kunywa. Wewe nakwenda nyumbani." Halafu akamgeukia Wariara, sauti ile ile ya pole. "Sasa wewe naambia mimi. Nani nakunywa chai yako?"

Wariara akafumba mdomo. Inspekta hakukasirika. Akasema huko kizuizini Gilgil wana siku nyingi za kungoja, akamfungulia mlango wa gari lake la Lendrova kama anayemkaribisha bibi wa heshima. Mtoto mdogo akaanza kulia mikononi mwa Njoki.

Wariara alipanda, akageuka kumtazama mumewe. Nimekuokoa, alitaka amwambie kwa macho, na alitamani neno moja tu la kwenda nalo. Ndung'u alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa funda moja, akalishikilia, akameza. Kifua kikafunguka, akavuta pumzi ndefu bila kukohoa, ya kwanza baada ya miezi mingi. Akalitazama lile koti nene juu ya meza, vyumba vyake, manyoya yake, kofia yake. Kisha akamtazama mkewe, aliyemwambia kwamba akili yake imeishia kwenye koti la tatu.

"Yangu hupoa saa tatu," akasema.

Lendrova ikaondoka.