Mti Nambari 618

"Baraka yako, Baba," nilimwambia Mzee Valdenor getini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Mungu akubariki, binti," akajibu, akaniwekea mkono kichwani. Ndiye aliyenisimamia ubatizo, na baraka hiyo hajawahi kuninyima.

Msitu wetu unaanzia pale mji wa Manaus unapoishia. Katikati hakuna shamba wala uwanja, ni uzio tu. Upande mmoja kuna nyumba za matofali yasiyopigwa lipu na mhubiri mwenye kipaza sauti. Upande wa pili kuna kilomita mia za mraba za miti. Ukitembea dakika ishirini ndani, mhubiri bado unamsikia, ila maneno yake huyaelewi tena.

Huko ndani kuna hekta moja iliyozungushiwa kamba. Kila mti wenye unene wa sentimita kumi na zaidi umepigiliwa kibati chenye nambari, na kila baada ya miaka mitano tunaupima upya. Ile iliyofikia unene huo tangu safari iliyopita hupewa kibati na jina. Kupima ni kazi ya yeyote mwenye utepe. Kutaja jina ni kazi nyingine. Majani yako juu mita thelathini, maua hayatoki siku ambayo mtu amekuja kuyatafuta, kwa hiyo jina hutafutwa kwenye gome: unachanja kipande kidogo, unatazama rangi, unatazama utomvu, unanusa. Sisi wenye shahada tunaandika; anayetaja ni mwenye panga. Kwenye fomu kuna safu iitwayo "Aliyetaja", na kwa miaka thelathini safu hiyo ilikuwa na jina moja tu: Valdenor.

Alikuwa hajaingia msituni tangu Januari ile ya korona ambayo mitungi ya oksijeni iliisha mjini. Alilazwa pamoja na mkewe, Dona Iracilda. Akarudi nyumbani peke yake. Mwaka huu aliomba mwenyewe kurudi kazini. Ofisini waliniuliza kama bado anaweza, nikasema ndiyo. Sikuwa nimehakikisha. Nilijibu kwa mazoea, na jibu langu liliandikwa.

Tulikuwa watatu. Wa tatu ni Edvan, mshika utepe, mzaliwa wa Parintins, ambako kila mtu ni wa ng'ombe wa buluu au wa ng'ombe mwekundu, makundi mawili ya ngoma, na mashindano yao ya siku tatu hubishaniwa mwaka mzima. Edvan ni wa buluu. Mzee ni wa mwekundu.

Mti mpya wa kwanza, nambari 601, ulipochanjwa ulitoa maji mekundu.

"Ucuúba," akasema Mzee. "Unaona, Edvan? Hata mti unajua ng'ombe wake."

"Huo umejikata tu, Mzee. Unavuja damu kwa aibu ya kushindwa mwaka jana."

"Mdomo wako ungekuwa panga, kijana, hapa pangekuwa uwanja wa mpira."

Nambari 602 ulitoa maziwa: abiurana. Nikaandika. Nambari 603 hakuuchanja. Aliugusa tu, akasema, "Huu tutaurudia," akapita. Nambari 604, maziwa tena. Nambari 605 na 606, "tutairudia". Sikumbuki Mzee Valdenor kuruka nambari hata mara moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba anayeruka nambari hurudi nyumbani na mti mmoja pungufu na hajui ni upi.

"Leo anachagua kama mke wa tajiri sokoni," Edvan akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeanza kuhesabu. Kufikia saa nne tulikuwa na majina tisa, na yote tisa yalikuwa ya miti ambayo jicho linatosha: yenye utomvu mweupe, yenye utomvu mwekundu, mmoja wenye shina la mifereji ambao hata mtalii angeujua. Iliyorukwa ilikuwa minane.

Tulikula samaki wa kukaanga na unga wa muhogo tukiwa tumekaa juu ya gogo. Kisha Mzee akasema tuendelee mbele, na nikasema hapana, turudi kwenye ile iliyorukwa. Alinitazama kidogo, akafunga kopo lake la unga, akasimama.

Nambari 603 aliuchanja, akakileta kipande puani, akakaa nacho muda mrefu. Kisha akakitafuna. "Breu wa majani makubwa," akasema. Nikaandika. Nambari 605, "louro". Nikaandika. Nambari 606 na nyingine tano, vivyo hivyo: pua, meno, jina. Zamani hakuwahi kutia kipande mdomoni.

Tulipofika nambari 618 nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake. Panga lilipogusa gome, harufu ya mdalasini ilitujia wote.

"Nani anapika uji hapa?" Edvan akauliza. "Mama yangu anautia mdalasini hivihivi."

"Mwenye njaa hunusa uji hata makaburini," Mzee akamjibu, akacheka. Akanusa kipande, akakitafuna, akasema, "Louro."

Edvan akanitazama. Harufu ile ya mdalasini ina aina moja tu ya mti katika hekta yetu, nayo ni preciosa. Mzee mwenyewe alinionyesha nikiwa na umri wa miaka sita. Nilikuwa nimeshika penseli juu ya mstari, na sikuandika.

Nilimtuma Edvan kona ya kaskazini akakaze kamba. Alielewa, akaenda bila utani. Nilichukua kipande cha 618, nikachanja kingine kwenye breu wa zamani uliokuwa jirani, wenye harufu ya ubani wa kanisani.

"Fumba macho, Baba."

"Unanipima, Jacirene?"

"Ndiyo."

Alifumba. Nikamwekea puani kile cha breu.

"Preciosa," akasema.

Nikamwekea kile cha 618.

"Breu."

Akafumbua macho, akaona kilichokuwa mkononi mwangu.

"Nimekosa?"

"Vyote viwili."

Aliketi kwenye mzizi, panga juu ya magoti. "Tangu hospitali," akasema. "Kahawa ni maji ya moto. Sabuni ni jiwe. Iracilda aliacha blauzi, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki ili harufu isitoke. Nilipopata nguvu nikaufungua. Nikaona blauzi. Nilidhani msituni itarudi. Nilidhani pua imenikataa mjini tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenileta?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Basi." Akaelekeza kidevu kwenye fomu. "Andika louro. Breu au louro, nimekisia vizuri, miti hii nimeishi nayo. Nani atakuja kunusa?"

"Mimi," nikasema. "Miaka mitano ijayo."

Hakubisha. Nilimweleza nitakachofanya, ingawa alikijua: fomu haifutwi. Jina lisilo na hakika hukatwa kwa mstari mmoja, ili lililoandikwa lisomeke, na aliyelitaja hutia saini pembeni. Majina tisa ya kwanza yangebaki. Manane yangekatwa. Alichukua penseli akatia saini nane, polepole, kila moja kamili, jina lote. Ya nane ilikuwa safi kama ya kwanza.

Kisha akasimama. Nilidhani anakwenda getini.

"Wewe pua unayo," akasema. "Njoo 603."

Alichanja, akanipa kipande. "Nini?"

"Kama mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa au tapentaini?"

Nikanusa tena. Sikujua. Miaka kumi na miwili nimeandika majina ya miti ile, na sikuwa na neno la harufu hata moja lililo sahihi.

"Ya taa inakaa kooni," akasema. "Tapentaini inapanda puani halafu inaondoka. Usiniambie inafanana na nini. Niambie inafanya nini."

"Inapanda. Inaondoka."

"Na baadaye?"

"Limau. Kidogo."

"Gome la ndani?"

"Jekundu, linageuka kahawia."

"Breu. Lakini si ule niliosema. Ni ule wenye majani madogo. Andika."

Tulirudia yote minane, kisha 618, uliopata jina lake, preciosa. Kati ya ile minane, mitano ilibaki na jina alilokuwa ametaja kwanza, miwili ilibadilika. Mmoja, nambari 611, nilimweleza mara nne, kila mara tofauti, naye akasema, "Uache wazi. Hujui, na mimi sijui." Nikauacha wazi.

Edvan alikuwa amerudi, amesimama na utepe wake. Nilifika kwenye safu ya "Aliyetaja" nikaandika herufi V.

"Hapana," Mzee akasema. "Hapo weka lako."

"Aliyejua ni wewe, Baba."

"Safu haiulizi nani alijua. Inauliza nani alitaja, na hataji mtu ambaye hakunusa. Mimi ndiye niliyeweka kanuni hiyo."

Alikuwa sahihi. Nilikata V kwa mstari mmoja, nikatia saini, nikaandika Jacirene mara nane.

Akafuta panga kwenye suruali, akaenda nambari 619 na kuuchanja. Kipande alinipa moja kwa moja, bila kukipitisha karibu na uso wake. Nilipokuwa nanusa, hakuutazama mti. Alinitazama mimi, akingoja.