Siku Tatu za Phrae

Daktari alipomaliza kuangalia picha za ini la baba, aliizima kompyuta akanigeukia mimi badala ya mgonjwa. Aliniambia kama kuna mahali baba anapapenda, nimpeleke mapema, kabla ya joto la Aprili. Baba alikuwa anafunga vifungo vya shati lake, na yeye ndiye aliyejibu.

"Phrae," alisema. "Mwisho wa juma tu. Siku tatu zinanitosha."

Mimi ni Ratsami. Nina miaka arobaini na mitatu na nashona mapazia kwenye karakana moja ya Thonburi, hapa Bangkok. Baba yangu, Khampan, aliendesha teksi Bangkok miaka ishirini na saba. Nilijua kwamba amezaliwa Phrae, lakini hatukuwahi kwenda. Mama alipokuwa hai akimuuliza, alikuwa anasema kule hakuna kitu, na hata watu wanaokwenda kaskazini hulipita jimbo lile wakiwa usingizini. Ndiyo maana jibu lake lilinishangaza.

Kazini walicheka. "Phrae kuna nini?" aliuliza Prani, anayekaa kwenye cherehani ya jirani. "Mpeleke mzee wa watu baharini aloweke miguu! Mwezi wa tatu kaskazini ni moshi mtupu, wanachoma mashamba na misitu. Mnaenda kufukizwa kama samaki?"

"Ndiko anakotaka," nilisema.

"Haya. Ukikutana na mtalii mwingine huko, nisalimie."

Jumapili ile nilichukua kalenda ya mwaka jana tuliyopewa na duka la dhahabu, nikaigeuza nyuma, nikaitandaza mezani jikoni. Baba alisogeza kiti. Tumbo lilikuwa limeanza kumjaa maji na miguu imekonda, lakini siku hiyo alinyoa ndevu.

"Andika," alisema. "Ijumaa, treni ya asubuhi."

"Baba, kuna ndege. Saa moja na kitu tu umefika."

"Ndege inakufikisha kabla hujajiandaa. Andika treni."

Niliandika treni mpaka Den Chai, halafu gari mpaka mjini. Nikamwonyesha kwenye simu nyumba za wageni nilizozipata, nzuri sana, za mbao za mtiki za zamani, zenye veranda na maua. Alizitazama kidogo akaisukuma simu pembeni.

"Tafuta hoteli ya saruji."

"Lakini hizi ndizo zinazosifiwa, baba. Phrae yenyewe ni mbao."

"Ratsami, nimesema saruji. Sitalala kwenye mbao."

Nilidhani ni ukaidi wa ugonjwa. Niliandika hoteli ya saruji, karibu na stendi. Tukaendelea. Jumamosi asubuhi, supu ya tambi ya kaskazini, ile ya damu na nyanya, sokoni. Jumapili, hekalu moja tu, lisilo na ngazi nyingi, kisha treni ya kurudi. Pale katikati ya Jumamosi palikuwa wazi. Baba alipaweka kidole.

"Saa nne, kwa Inkaeo."

"Inkaeo ni nani?"

"Baba yako mdogo."

Nilijua kwamba aliwahi kuwa na mdogo wake. Nilidhani alikufa zamani, maana hakutajwa nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto. "Yuko hai?"

"Labda. Wewe mpigie, umwambie tunakuja. Mimi nikipiga hatapokea."

Namba niliipata kwa kuuliza ofisi ya mkuu wa kijiji chao, nikapiga kutoka karakana wakati wa chakula cha mchana. Alipokea mwanamke, Buakham, mke wa baba mdogo. Nilipojitambulisha alilirudia jina la baba polepole.

"Subiri, mwanangu," alisema. Nikamsikia akiita nje. Kisha sauti ya mwanamume, kavu.

"Nani?"

"Shikamoo, baba mdogo. Mimi ni Ratsami, binti wa Khampan. Baba anaumwa sana. Tunataka kuja kukuona, Jumamosi ya..."

"Asije."

"Baba mdogo, daktari amesema hana muda."

"Pole wewe. Mwambie asije. Na muulize nyumba ya mama iko wapi." Akakata.

Jioni baba alinisubiri mlangoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Umempata?"

"Nimempata."

"Amesemaje?"

Alikuwa amesimama kwa kushika mlango, macho yake ya manjano yakinitazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilisema, "Amesema karibu."

Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani niliona bado wiki tatu, na ndani ya wiki tatu ningeweza kumlainisha. Baba aliingia ndani. Nikamsikia chumbani kwake anaimba kwa sauti ya chini, kwa lahaja ya kwao, ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia.

Nilipiga tena mara tatu. Mara mbili baba mdogo alikata aliposikia sauti yangu. Mara ya tatu mama mdogo alipokea akiwa peke yake.

"Mwanangu, acha," aliniambia. "Unajiumiza bure. Hujui alichofanya baba yako?"

"Sijui."

"Kweli hakuwahi kukwambia?"

"Hajawahi, mama mdogo."

Basi akanieleza. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya mtiki iliyojengwa na baba yake, nguzo zake mtu hawezi kuzikumbatia zikaisha. Hati ilikuwa kwa jina la baba, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili alikuja na mfanyabiashara kutoka mjini na malori mawili. Alikuwa ameiuza nyumba kama mbao. Hakumwambia mama yake mpaka malori yalipofika uani. Mafundi waliibomoa siku nne. Bibi alihamishiwa kwenye kibanda cha mabati cha baba mdogo, na mvua zilizofuata hakuzimaliza. Baba hakwenda kumzika.

"Alinunua teksi," alisema mama mdogo. "Ndivyo tulivyosikia. Ni kweli?"

Nilisema ni kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za karakana, na kipande cha pazia la mtu kilikuwa bado mapajani mwangu. Teksi ile ndiyo iliyonisomesha. Niliwahi kupigwa picha nimekaa juu ya boneti yake, na sare mpya ya shule.

Ningeweza kufuta safari. Kila siku nilirudi nyumbani nikiwa na nia ya kusema, na kila siku nilimkuta baba amefanya jambo jipya. Alikuwa anatembea mpaka kona na kurudi, kujizoeza. Alimnunulia shemeji yake kitambaa. Aliniomba niongeze kwenye kalenda, chini ya saa nne Jumamosi, "chakula cha mchana huko huko", maana haiwezekani, alisema, Inkaeo atuache tuondoke na njaa.

Siku mbili kabla ya safari aliniita chumbani. Alikuwa amevuta kutoka uvunguni kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka. Alikifungua polepole. Ulikuwa ubao wa mtiki mweusi, urefu wa mkono na nusu, umechongwa maua yanayojiviringisha kutoka pande mbili hadi katikati.

"Huu ulikuwa juu ya mlango wa chumba cha mama," alisema. "Kwetu, nguvu za ukoo zinakaa humu. Anayenunua nyumba anaupiga kwanza kwa fimbo, apige, apige, ili wenyewe watoke. Yule mfanyabiashara alitafuta fimbo. Nikamwambia huu siuzi."

"Baba, mama mdogo ameniambia habari za nyumba."

Aliendelea kufuta vumbi kwenye maua ya ubao kwa kidole gumba. "Nilijua atakwambia," alisema. "Ningekwambia mwenyewe njiani. Ndiyo maana nilitaka treni." Halafu akaongeza, "Lakini kama Inkaeo amesema karibu, basi amepoa. Miaka thelathini na moja, mwanangu. Hata jiwe linapoa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimsaidia kuufunga ubao kwenye shuka.

Ijumaa tulisafiri. Njiani alilala karibu muda wote, kichwa begani kwangu, na ubao ukiwa umeegemea dirishani. Kaskazini ya Uttaradit moshi ulikuwa umefunika kila kitu. Milima aliyoniahidi haikuonekana. Jua lilikuwa duara jekundu unaloweza kulitazama bila kufumba macho. Baba alikohoa mpaka tukafika hotelini, na hotelini akakohoa mpaka akalala.

Jumamosi hakuweza kula ile supu. Aliagiza, akanusa, akaniambia niile mimi. Saa nne dereva wa gari la kukodi alitushusha mbele ya nyumba ndogo ya matofali yasiyopigwa plasta, yenye geti la chuma. Ndani mzee mwembamba, shati lake la bluu la kienyeji limepauka, alikuwa anapanga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Alikuwa na masikio ya baba.

Alituona. Alimaliza kijiti alichokishika, akakiweka chini, akaja mpaka kwenye geti. Hakulifungua.

"Nilisema asije," aliniambia mimi.

Nilihisi baba akinigeukia. Sikuweza kumtazama.

"Umekonda," baba mdogo akamwambia.

"Ini," alisema baba.

"Mh."

Mama mdogo alitoka jikoni akabaki mlangoni, mikono imelowa. Baba alishika geti kwa mkono mmoja.

"Inkaeo, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwangu mimi? Si nyumba yangu uliyoiuza." Alinyoosha mkono kuelekea uwanja wa jirani, ambako sasa palikuwa na banda la pikipiki. "Mama alikaa pale, kwenye kiti cha kuazima. Siku nne. Nilimwambia aingie ndani, akakataa. Siku ya kwanza walitoa vigae. Siku ya pili ukuta wa chumba chake. Siku ya nne hapakuwa na kitu cha kutazama, na bado alikuwa anatazama. Muombe yeye."

"Mama ameshakufa."

"Basi."

Baba alinifanyia ishara. Nilifungua shuka, nikauinua ubao ili auone. Kwa kitambo kidogo uso wa baba mdogo ulibadilika. Aliinua mkono, nikadhani anataka kuugusa kupitia nondo za geti. Akaurudisha mkono.

"Huu unakaa juu ya mlango," alisema. "Mlango gani? Mimi ninao wa bati."

"Ni wako," baba alisema. "Uweke popote."

"Ondoka nao, kaka. Ukiuacha hapa nitapikia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kueleza. Kisha akarudi kwenye tumbaku yake, akachukua kijiti kingine.

Mama mdogo alikuja na kikombe cha maji, akampa baba kupitia nondo. Baba alikunywa chote na kumrudishia kikombe kwa mikono miwili. Kitambaa alichomnunulia kilikuwa ndani ya mfuko wangu. Nilikikumbuka baadaye, hotelini.

Mchana wote baba alilala ameelekea ukutani. Niliitoa ile kalenda kwenye mkoba nikaona mambo yote tuliyoyaandika: tambi, saa nne, chakula cha mchana huko huko, hekalu lisilo na ngazi nyingi. Nilimuuliza kama angependa twende hata hekaluni kesho yake.

"Kuna treni ya mapema?" aliuliza.

Ilikuwapo. Tuliipanda. Tulipopita Phitsanulok, moshi ukiwa umebaki nyuma na mashamba ya mpunga yameanza kuonekana, aliniuliza bila kunitazama.

"Alikukataza toka mwanzo?"

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia nisingekuja."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

"Ungeniambia," alirudia, "ningekufa nikidhani labda." Hakumalizia. Alifumba macho, na sikujua kama amelala. Nilitaka kumwambia nilifanya vile kwa ajili yake. Sikuwa na uhakika kama ni kweli. Huenda nilitaka nami nisamehewe, mimi niliyekaa juu ya boneti.

Baada ya hapo hatukuizungumzia Phrae tena. Hakunikasirikia. Alinishukuru kwa kila sahani na kila kidonge, kwa adabu, kama unavyomshukuru muuguzi usiyemjua. Alifariki mwezi wa Mei, mchana, nikiwa nimetoka kumletea barafu ya kulainisha midomo. Ubao tuliuweka juu ya jeneza, ukachomwa naye hekaluni. Watawa hawakuuliza.

Siku moja kabla ya kumchoma nilimpigia baba mdogo. Safari hii hakukata. Nilimweleza siku, saa, na jina la hekalu, nikamwambia akitaka kuja nitampokea stesheni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko mvua imeanza?" aliuliza.

"Imeanza, baba mdogo. Toka jana."

"Huku bado," alisema.

Nikasikia kuku, na mama mdogo akiuliza ni nani. Kisha baba mdogo akakata, na hakuja.