Mtoto Aliyeitwa Paka Mwitu

Nzilani alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla ya kuota meno, kwa hiyo wa tatu alipozaliwa hakuna aliyethubutu kumletea hata soksi. Mama mkwe wake, Kalondu, ndiye aliyekuja, tena mikono mitupu.

"Mmempatia jina?"

"Jeremiah, mwaitu," Nzilani akajibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Hiyo Mungu anaijua, na kifo pia inaijua. Lete mtoto."

Kalondu akamlaza mjukuu wake jaani, juu ya maganda ya mbaazi. Jirani yao Wayua, waliyekuwa wameshapanga naye, akapita pale kama mtu mwenye hamsini zake, akamwokota na kupaza sauti: "Wuui! Nimeokota paka mwitu! Nani anataka hii takataka?" Nzilani akampa kikombe cha mtama, akakabidhiwa mwanawe. Jina likawa hilo.

Si uchawi, Kalondu alimweleza. Kaka yake mwenyewe aliitwa hivyo baada ya ndugu zake kufa wakifuatana, na yeye akaishi hadi akawazika waliompa jina. Paka mwitu hafugwi wala haliwi. Kifo ni mwizi, na mwizi gani atavunja mlango kwa ajili ya kitu kama hicho?

Ila jina lilikuja na masharti. Mtoto asibusiwe, asiimbiwe, na asisifiwe kwamba ni mzito, maana kwa kifo neno hilo ni kama kuambiwa kuku amenona. Nzilani, ambaye kanisani aliimba mpaka madirisha yakatetemeka, alinyonyesha mwanawe kimya.

Kule kliniki ya Mwala muuguzi alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akacheka. "Mama, huyu amekuwa mzito! Unampea nini?"

"Ni paka tu, sista."

Muuguzi alimkata jicho. Angejua! Moyo wa Nzilani ulikuwa ukipiga vigelegele. Nyumbani alimlaza, akageukia ukuta ili mtoto asione tabasamu lake. Mtoto akamnyooshea mikono. "Toka, paka wewe," akamwambia.

Mvua zilipoanza, kifua kikambana mtoto. Hospitalini walimwekea hewa na dawa, na kila asubuhi mizani ilisema amepungua. Kalondu hakutoka kando ya kitanda.

"Usilie," alinong'ona. "Ukilia, kifo itajua ni wako."

Nzilani hakulia. Mtoto alikuwa akimtazama tu, macho makubwa, kama anayesubiri kuambiwa jambo. Nzilani alifungua kinywa. Akamwangalia mama mkwe wake, akakifunga. Kisha akasema, "Lala, paka."

Alikufa wodi ikigawiwa chai.

Walipompa amshike, Nzilani alimkumbatia kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia, akambusu paji la uso, mashavu, vidole kimoja kimoja. Akamwita kwa kila jina tamu alilokuwa amelimeza tangu siku ya jaani. Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuza nyuso.

Kalondu alimshika bega. "Tulijaribu, mwanangu. Kifo haikutuamini."

"Ndiyo, mwaitu," Nzilani akasema. "Mwenye alituamini ni mtoto."