Mwanzo Halizimiki

Pilipili aliketi, akainuka, akaketi tena. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, kwa hasira zake za kufura upesi kama maziwa jikoni.

Shangazi alikuwa katibu wa hospitali ya macho, na ndiye aliyemdhamini kwa daktari mkuu: mpe mwanangu atengeneze tovuti, hutajuta. Sasa daktari alikuwa njiani kuja kuikagua. Isipompendeza, kazi ingepewa kampuni nyingine, na neno la shangazi lisingesikilizwa tena katika jengo lile.

Nayo menyu ya tovuti, ile safu ya maneno ya kubofya juu ya ukurasa, ilimgomea. Ukifungua ukurasa wa Miwani, neno Miwani linawaka njano, vizuri. Lakini Mwanzo, neno la ukurasa wa kwanza, nalo linawaka. Ukienda Upasuaji, Mwanzo bado lipo, limeng'ang'ana kama kupe.

"Kompyuta yenu hii, kuukuu!" alifoka.

"Jana ulisema ni mtandao," shangazi alijibu kutoka meza ya pili, bila kuinua macho. "Kesho utasema ni paka."

"Shangazi, usinichokoze. Naondoa rangi zote, yaishe."

"Watu wetu hawaoni vizuri, baba. Mtu akifungua ukurasa ajue yuko wapi. Ukimwashia taa mbili, aamini ipi?"

Pilipili akasonya. "Hii kazi huijui."

"Siijui. Nieleze. Hiyo menyu inajuaje pa kuwasha?"

Alieleza kwa pupa, ili tu shangazi anyamaze. Kila kiungo, yaani kila neno la menyu, kina anwani: mkwaju, kile kistari cha kulala upande, kisha jina. Ukurasa ukifunguka, menyu inauliza kama anwani ya ukurasa huo inaanza na anwani ya kiungo. Ikiwa ndivyo, inakiwasha. Alifanya hivyo makusudi, ili ukurasa wa miwani ya watoto nao uwashe Miwani.

"Na Mwanzo?"

"Mwanzo halina jina, ni mkwaju mtu..."

Kila anwani ilianza na mkwaju, basi kila ukurasa uliwasha Mwanzo! Aliirukia kibodi, na mlango ukafunguliwa.

"Tayari, kijana?" Daktari hakungoja kukaribishwa.

Angeweza kumwonyesha ukurasa wa kwanza tu, ambao haukuwa na kasoro. Shangazi alikuwa ameacha kuandika.

"Bado, daktari. Nimekosea mimi. Nasahihisha mbele yako."

Hilo "mimi" hakuwa amelizoea. Akaandika sharti jipya: Mwanzo liwake pale tu anwani inapokuwa mkwaju peke yake. Daktari akavuta kiti, akashika kipanya mwenyewe. Miwani: taa moja. Miwani ya watoto: Miwani tu. Upasuaji: Mwanzo kimya.

"Sawa. Ila njano juu ya nyeupe, nani kakudanganya kwamba mgonjwa wangu ataiona?"

Damu ikampanda Pilipili hadi masikioni. Alifungua kinywa, akamtazama shangazi, akakifunga.

"Nikuwekee nini, daktari?"

"Mstari mnene chini ya neno. Mweusi." Kisha akamgeukia katibu wake. "Mama, wale wa kampuni nyingine waambie wasije."

Shangazi alinyanyua simu. Pilipili alikuwa ameshaanza kuchora mstari.