Waya wa Spika na Ufa wa Milimita Kumi na Moja

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, Kabatesi alipima ufa wa ukuta kwa rula ya bintiye. Ulikuwa milimita kumi na moja. Wiki iliyotangulia ulikuwa tisa. Ulianza na matetemeko ya volkano ya Mei 2021, na sasa ulipanda kutoka sakafuni hadi darini, juu ya kitanda cha Ikirezi, mwenye miaka sita. Tangu ulipofika milimita nane, Ikirezi alikuwa akilala jikoni, kati ya gunia la mkaa na madumu ya maji.

Katikati ya ufa ulipita waya wa spika. Habineza, mumewe, aliweka amplifaya chumbani kwa mtoto, mbali na vumbi la barabara. Spika zilikuwa sebuleni.

Habineza alikuwa mpima viwanja. Kazini hakukubali mpaka uliopinda hata kwa upana wa kidole. Lakini Benon, aliyemuuzia waya ule sokoni Mbugangari, alimwambia kwamba waya mpya ni kama kiatu kipya: sharti upigishwe muziki saa mia tatu mfululizo ndipo ulainike, na ukikatizwa unaanza upya. Umeme ulikuwa umekatika mara nne. Fundi Bizimana alikuja na saruji mara tatu, na mara tatu akarudishwa, asiukatize.

Kabatesi alifundisha fizikia. Aliupima waya kwa mita ya umeme ya shuleni siku ya kwanza na siku ya ishirini, akapata namba ileile. Kisha aliazima waya wa kawaida kwa jirani, akamfunga mumewe kitambaa machoni, akabadilisha nyaya mara ishirini. Habineza alipatia mara kumi.

"Sarafu ingepata hivyo hivyo, Baba Ikirezi."

"Sarafu haina masikio."

"Shaba haina mazoea. Mvua zinakuja. Mwache Bizimana azibe ukuta."

"Zimebaki saa tisini. Ukuta umengoja miaka yote hii, utashindwa na saa tisini?"

Jioni hiyo umeme ulikatika.

"Bosi, upeleke Nyamyumba, kwenye maji ya moto," Benon alishauri. "Yanalainisha mifupa, yatashindwa na shaba?"

Jumapili Habineza aliuloweka waya saa mbili nzima, kati ya wazee waliotia magoti majini. Walisogea kumpa nafasi. Mmoja aliuliza waya unaumwa wapi.

Mama yake Habineza, Languida, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akiloweka magoti hapo kila Jumapili hadi alipofariki, miaka mitatu iliyopita. Waya uliporudishwa ufani, sauti ya kwanza iliyotoka kwenye spika ya kushoto ilikuwa yake.

"Habi, ule ukuta iko naanguka. Uzibishe mbele ya mvua, mutoto arudi mu chumba yake. Bon. Unasikia?"

Kabatesi aliweka chini kisu cha viazi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, muwalimu. Ambia bwana yako. Mi namuambia, hasikii."

Habineza alikuwa kwenye kiti, katikati kabisa ya spika mbili. Aliinua kidole.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Anasema ukuta..."

"Hiyo 'unasikia' yake. Kabla ya maji ya moto ingetoka kavu. Sasa hata pumzi ipo."

Kabatesi aliutoa waya, akaunga ule wa jirani. Languida alisema maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Kabatesi aliandika kwenye daftari: hakuna tofauti.

"Huu unamzeesha," alisema Habineza, akaurudisha waya wake.

Kesho yake Bizimana alikuja mara ya nne. Alimsalimu Languida, akamwuliza hali ya huko aliko, akajibiwa kwamba magoti yamepona. Habineza alimweleza kwamba saruji ingeubana waya. Bizimana aliondoka na ndoo zake.

"We Habi, uko na kichwa ya mbuzi," alisema Languida.

"Sikia hiyo 'mbuzi'," alisema Habineza.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi saa tisa alasiri, Ikirezi akiwa shuleni. Maji yalipenya darini, yakashuka kwa kufuata ufa, na ukuta ukaangukia kitanda chake. Umeme ulikatika. Vumbi lilipotulia, waya ulionekana ukining'inia hewani, mzima, kutoka amplifaya hadi spika.

Habineza alifuta miwani, akarudi kwenye kiti chake.

"Bon," alisema Languida, bila umeme. "Huo ni ukuta moja. Sasa ule wa jikoni."

"Unaona?" Habineza alimwambia mkewe. "Hakuna tena kinachomzuia mama."

Kabatesi alichukua rula, akaenda jikoni, akalisogeza godoro la Ikirezi. Nyuma yake, ufa: milimita mbili.