Shamba Nililolifuta

Aliingia steshenari na mvua, viatu mkononi, tope jekundu hadi vifundoni, bahasha ya kaki ameificha ndani ya kitenge kama amebeba mtoto. Sikuwa nimewahi kumwona. Akapiga makofi taratibu, akainama.

"Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, dada? Tunalingana sisi."

"Nisamehe, kaka. Nimeambiwa hapa kuna mtaalamu wa CV. Nikajua ni mzee."

Mtaalamu nilikuwa mimi, Lukmani, mwenye shahada ya maendeleo ya jamii na mwaka wa pili sasa nikikaa kwenye kompyuta ya baba mdogo Khatibu hapa Kibondo. Kila mhitimu aliyerudi nyumbani alipita kwangu. Niliwaandikia barua, nikawafundisha namna ya kukaa mbele ya wasaili, nikawasindikiza kwa dua. Niliamini kabisa kwamba ninawasaidia.

Jina lake lilikuwa Claudine. Alitoka upande wa Kasulu, karibu na ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kesho yake asubuhi alikuwa na usaili katika shirika linalotafuta afisa wa kuhifadhi mbegu za maharage za kienyeji. Nafasi ilikuwa moja. Jina lake lilipelekwa na mtendaji wa kijiji, ndiyo maana aliambiwa aje na CV mkononi. Aliiandika kwa kalamu, mwandiko wa shuleni, mistari imenyooka.

Niliisoma. Baada ya stashahada yake ya kilimo alikuwa ameandika: *Ninalima na mama. Nimekusanya mbegu za maharage aina kumi na moja kwa mabibi wa vijiji vya jirani, ninazitunza kwenye majivu. Kikundi chetu cha wanawake kiko Mtabila.*

"Hii tuitoe," nikasema.

"Ipi?"

"Hii ya kulima na mama. Kila mtu huku analima na mama yake. Wanataka uzoefu wa kitaalamu."

"Na kikundi?"

"Ukitaja Mtabila wataanza kukuuliza mambo ya kambi, wewe Mrundi, wewe nani. Kwa nini ujitafutie maswali?"

Alitazama dirishani. "Babu ndiye aliyevuka mpaka, kaka. Mimi nimezaliwa hapa, kitambulisho ninacho."

"Najua. Wao hawajui."

Nikafuta. Mahali pale nikaweka maneno niliyoyatunza kwenye kompyuta kwa ajili ya wote: *Mimi ni mtu mwenye uthubutu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kwa usimamizi mdogo.* Nikamfundisha kuyasema amekaa wima, bila kuinamisha macho. Ilimpa tabu. Nilipomuuliza, "Kwa nini tukuchague wewe?" alijibu, "Wapo wenzangu wanaofaa zaidi."

"Astaghafirullah! Usiseme hivyo!"

"Sasa nijisifu mbele ya watu wazima? Mama akisikia atanichapa."

Tukacheka. Akarudia mpaka maneno yakamtoka bila kukwama.

"Na nikikosa?" akauliza akivaa viatu.

"Huwezi kukosa. Ukikosa, nitakuja Kasulu kuwalimia hilo shamba."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

Alikwenda kulala kwa dada mmoja wa kanisani kwao. Nilifunga duka nikiwa na furaha kabisa.

Alirudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakuinama, hakupiga makofi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, bahasha magotini.

"Nimesema ile ya uthubutu," akaanza. "Wakatazamana, mmoja akacheka. Kumbe watatu walionitangulia wamesema hivyohivyo, neno kwa neno."

Wote watatu niliwaandikia mimi.

"Halafu yule mama aliyekaa katikati akaniuliza kama nimewahi kutunza mbegu. Nikafurahi, kaka. Nikaanza kumweleza majivu, vibuyu, bibi wa kila kijiji. Akaitazama karatasi, akageuza nyuma, akasema, 'Mbona hapa hakuna? Kila anayefika kwenye kiti hicho anageuka mkulima.' Nikamwambia kikundi chetu kiko Mtabila. Akasema huko ndiko wanakotaka kuanzia kazi, ila kama ni kweli, ningeanzaje kuacha kuandika?"

"Ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Kwamba nimelificha shamba la mama yangu?"

Nilitoka mbio hadi kwenye ofisi ya shirika lile, nikiwa na karatasi yake ya kwanza. Yule mama alinisikiliza amesimama mlangoni. Hakunifokea. Aliisoma karatasi yote, akanirudishia.

"Hii ningeisoma mara mbili," akasema. "Lakini tumeshaafikiana, na aliyepata ameshapigiwa simu. Unaandika za wangapi, kijana?"

"Wengi, mama."

"Na yako mwenyewe?"

Yangu ilikuwa na maneno yaleyale, nami kwa miaka miwili nilikuwa nikilaumu kukosa mtu wa kunishika mkono.

Niliporudi dukani, Claudine alikuwa ameshaondoka. Nikajua ahadi ya kulima imekufa yenyewe, maana ilikuwa maneno ya kuagana tu. Lakini wiki iliyofuata alinipigia simu, sauti ya upole, bila utani.

"Kaka, mama anauliza ni lini. Nilimwambia kuna mtu kasema atakuja kulima. Huku kwetu mtu akisema hivyo, watu wanaalikwa na chakula kinapikwa. Amesema Jumamosi."

Jumamosi Kibondo hujaa watu, na siku hiyo shule mbili zilikuwa zimeleta mitihani ya kurudufu. Nilipomwambia baba mdogo, aliivua miwani.

"Unaacha kazi ukalime? Wewe? Jembe umelishika lini?"

"Nimeahidi, ba'mdogo."

"Ahadi ya maskhara hiyo! Ukienda, nitamwita Nurudini akae kwenye hiyo mashine. Na akikaa, amekaa. Sitamwita mtoto wa watu kwa siku moja."

Nilijua hatanii.

Nilipanda gari la kwanza Jumamosi. Shambani walinisubiri wanawake sita, majembe begani. Niliinama, nikapiga makofi, nikasema "Mwakeye", salamu ya huko, kwa ulimi wa dukani, wakacheka hadi wakashikana. Mama yake, Immakulata, hakucheka. Alinitazama viatu, kisha viganja.

"Wewe ndiye uliyelifuta shamba langu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nilidhani namsaidia."

"Ulikuwa hujaliona." Akanikabidhi jembe. "Haya, lione."

Tulianza palizi ya maharage. "Jembe si kalamu hilo, mwanangu!" mmoja alipiga kelele. "Mwacheni," mwingine akajibu, "anafanya kazi chini ya shinikizo!" Claudine alikuwa amewasimulia. Hata yeye alicheka, kidogo, akiwa mstari wa pili kutoka kwangu. Kila alipopita aliniambia jina la maharage na bibi aliyempa. Niliyasikia yote, na kila jina liliniuma peke yake.

Jua lilipokuwa utosini malengelenge yalipasuka. Simu ikaita ndani ya koti langu, nililolitundika kwenye mgomba. Ikakatika, ikaita tena.

"Pokea, kaka," Claudine akasema. "Labda ni kazini kwako."

"Ni baba mdogo."

"Si atamweka mwingine?"

"Ameshamweka, nadhani."

Alisimama, akaegemea mpini. "Basi inatosha. Umekuja, mama amekuona. Nenda."

Nilitazama mbele. Mstari wangu ulikuwa haujafika nusu, na wanawake walikuwa wameshageuka mwisho wa shamba. Nilijifunga leso kiganjani.

"Hii ni aina gani?" nikauliza.

Akaniambia. Nikainama, nikaendelea hadi mwisho wa mstari.