Boliti Nne za Upande wa Ukuta

Tangu ardhi itikisike asubuhi, fundi hakukalika. Mtikisiko wenyewe ulikuwa wa kumwaga chai tu, lakini yeye mara ainuke, mara akae, mara aikodolee macho dari ya wodi ya wazazi.

"Umekalia siafu?" mkewe akamuuliza. "Mwache mtoto alale."

Binti yao alikuwa amejifungua jana. Kichanga kilikuwa kifuani pake.

Fundi akainua tena macho darini. Juu ya dari ile ndipo lilipokaa tangi la maji la hospitali, na boliti kumi na sita zilizolishika kwenye zege alizifunga yeye mwenyewe, mwaka juzi. Tundu likishatobolewa, hupulizwa vumbi kwa pampu, husuguliwa kwa brashi, hupulizwa tena, ndipo gundi itiwe. Kumi na mbili alizifanya hivyo. Kufika nne za mwisho, upande wa ukuta, pampu ikapasuka. Akapuliza kwa mdomo, vumbi likamrudia machoni, akatia gundi hivyo hivyo. Gundi ikashika vumbi badala ya zege.

Akapanda juu na spana. Kumi na mbili zikagoma kama punda. Ya kumi na tatu ikazunguka yote, nati na boliti yake, kama jino bovu.

Akampigia simu msimamizi wa jengo, akamweleza kuwa boliti za tangi zimelegea.

"Kaka, si zilikaguliwa zile?"

"Walihesabu nati, bosi. Habari ya vumbi sikuwaambia. Kosa ni langu. Toa watu wodini, mimi namwaga maji."

"Utanifukuzisha kazi!"

"Tutafukuzwa wote. Watoe!"

Akafungua koki.

"Wewe mwanamume!" mkewe akapaza sauti kutoka uani, akisukuma kiti cha magurudumu cha binti. "Wazazi wataoga nini?" Kichanga kikapiga chafya juani.

Maji yalibaki robo ardhi ilipotikisika tena. Fundi akalala kifudifudi. Tangi likainuka upande wa ukuta, likasita, likarudi kwa kishindo. Boliti nne zikawa zimeng'oka kama karoti. Chini, plasta ilimwagika pale pale kilipokuwa kitanda cha binti.

Ardhi ilipotulia, mkewe akapanda ngazi. Akaokota boliti moja, akaufuta kwa kidole ule unga uliogandia gundi. "Pampu ilipasuka, nikapuliza kwa mdomo," mumewe akamwambia.

"Pampu mpya unayo?"

"Iko kwenye mkoba."

"Ilete. Wewe toboa. Vumbi nalipuliza mimi."